Matt McMurry: Mvulana wa miaka 16 aliyemaliza Le Mans

MWAKA 1958 waandaaji wa mbio za magari za saa 24 za Le Mans, nchini Ufaransa, walimkataa Ricardo Rodriguez wa Mexico kwa kuwa alikuwa na umri wa miaka 16 tu. Mwaka uliofuata walimkubali, akawa dereva mdogo kuliko wote waliowahi kuanza mbio hizo. Rekodi yake ya miaka 17 na siku 126 ilidumu kwa miaka 55, hadi ilipovunjwa na Mmarekani Matt McMurry, ambaye naye alikuwa na umri uleule uliomfungia Rodriguez mlango.

McMurry alizaliwa Novemba 24, 1997. Baba yake, Chris McMurry, alikuwa dereva wa mashindano nchini Marekani, hivyo mchezo huo haukuwa mgeni nyumbani kwao. Hilo si jambo dogo, kwani mbio za magari ni ghali mno, na kijana asiye na familia au wafadhili wa kumshika mkono ni nadra kufika mbali, hata awe na kipaji cha namna gani.

Juni 14, 2014, akiwa na umri wa miaka 16 na siku 202, alishiriki Le Mans katika gari la Zytek lenye injini ya Nissan, lililoandaliwa na timu ya Greaves ya Uingereza. Alipokezana usukani na Mwingereza Tom Kimber-Smith na Mmarekani mwenzake, Chris Dyson. Gari lao lilikuwa la daraja la LMP2, yaani lililoundwa kwa mashindano pekee, na ambalo hupita kilomita 300 kwa saa penye nafasi.

Sehemu ya mzunguko wa Le Mans, wenye urefu wa kilomita 13.6, ni barabara ya umma ambayo siku za kawaida hupitiwa na malori na magari ya familia. Sheria ya Ufaransa wakati huo ilidai umri wa miaka 18 kwa mtu kuendesha gari peke yake. Kwa maneno mengine, mbio zilipokwisha na barabara kufunguliwa, McMurry asingeruhusiwa kupita hapohapo hata na gari dogo la kwendea sokoni.

Suala la umri halikuwa la mzaha. Mwaka mmoja tu kabla, katika mbio hizohizo, dereva wa Denmark, Allan Simonsen, alifariki dunia baada ya kupata ajali dakika za mwanzo. Rodriguez mwenyewe alifariki mwaka 1962 akifanya mazoezi jijini Mexico, akiwa na miaka 20. McMurry na wenzake walimaliza salama, na hivyo akawa dereva mdogo zaidi si kwa kuanza tu, bali pia kwa kumaliza.

Hata hivyo, rekodi ya umri haimpi dereva ubingwa. Wa kwanza aliupata miaka mitano baadaye, mwaka 2019, alipotwaa taji la LMP2 katika mashindano ya IMSA ya Marekani akiwa na timu ya PR1/Mathiasen. Haki isemwe: msimu huo daraja hilo lilikuwa na magari mawili tu yaliyoshiriki tangu mwanzo hadi mwisho.

Taji la mwaka 2020 lina uzito zaidi. McMurry alihamia timu ya Meyer Shank na daraja la GTD, lenye washindani wengi na magari yanayotokana na yale yanayouzwa madukani, ambayo ni mazito na huendeshwa kwa namna tofauti kabisa. Akishirikiana na Mjerumani Mario Farnbacher katika gari la Acura NSX, alitwaa ubingwa huko Sebring, Florida, Novemba 14, katika mbio zilizokuwa zimeahirishwa tangu Machi kutokana na janga la corona. Alikuwa amebakiza siku kumi kutimiza miaka 23.

Rekodi yake ya Le Mans ilivunjwa Juni 2022 na Mmarekani mwingine, Josh Pierson wa timu ya United Autosports, ambaye naye alikuwa na miaka 16, na pia katika gari la LMP2. Tofauti yao haikufika hata miezi mitatu.