Msitu wa Kenya na shahada ya ramani

Juma lililopita jirani yangu mmoja, mzee mstaafu hapa Dar es Salaam, alinijia jioni akiwa na bahasha mkononi. Mwanawe amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili katika sayansi ya taarifa za kijiografia. Ufadhili haukupatikana, na mzee anafikiria kuuza kiwanja chake cha pekee. Akaniuliza, "Ndugu yangu, niuze ardhi ili mtoto akasomee ramani za ardhi? Kwani hizo ramani Mjerumani na Mwingereza si walishazichora?"

Nilicheka kidogo, kisha nikaona swali lenyewe si la kucheka. Nikamsimulia habari ambayo nataka niwasimulie na ninyi leo, maana inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Ottawa, Kanada, palikuwa na kampuni ya kupiga picha za angani iitwayo Spartan Air Services. Humo alifanya kazi kijana wa Kiingereza, Roger Tomlinson, aliyezaliwa mwaka 1933. Kampuni iliombwa ishughulikie kazi ya huku kwetu Afrika Mashariki, nchini Kenya: kutafuta mahali panapofaa kupandwa misitu mipya na kujengwa kiwanda cha kutumia miti yake. Ukilisikia utadhani ni jambo jepesi. Lakini kwa kazi kama hiyo yakupasa kujua mteremko wa ardhi, udongo, mvua, barabara zinapopita na watu wanapoishi, na kila kimoja kina ramani yake. Siku zile mafundi walizichora ramani hizo juu ya karatasi angavu, wakazipanga moja juu ya nyingine, kisha wakapima kwa mkono vipande ambavyo masharti yote yamekutana. Hesabu ya gharama ilipofanywa, ilionekana kubwa mno. Kazi ikaachwa.

Tomlinson hakuiacha. Alijiuliza kama kompyuta, ambayo wakati ule ilikuwa dude la kujaza chumba, haiwezi kufanywa ibebe ramani kwa tarakimu na kuzilinganisha yenyewe. Mwaka 1962, akiwa safarini kwa ndege, aliketi jirani na Lee Pratt, ofisa wa Idara ya Kilimo ya Kanada, ambaye alikuwa na mzigo wa namna hiyo hiyo: serikali yake ilitaka kujua ardhi ya nchi inafaa kwa nini, wapi kilimo, wapi misitu, wapi wanyama. Kwa upande wa kilimo udongo ulipangwa katika madaraja 7. Basi wakaanza. Kampuni ya IBM ikatengeneza mtambo maalumu wa kusoma ramani iliyozungushwa kwenye pipa, na Kanada ikapata mfumo wa kwanza wa taarifa za kijiografia wa aina yake.

Angalieni basi. Swali liliulizwa Kenya. Jibu likapatikana Kanada, kwa kuwa Kanada ilikuwa na fedha ya kulilipia.

Kwa miaka mingi elimu hii watu waliipata kazini. Tomlinson mwenyewe alipata shahada ya uzamivu mjini London mwaka 1974. Shahada ya uzamili iliyotengwa kwa fani hii pekee ilianzishwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1985. Kisha mwaka 1992 Michael Goodchild, profesa wa Santa Barbara huko Marekani, aliandika makala akihoji: je, hivi ni vyombo tu vya kazi, ama kuna sayansi ndani yake? Tangu hapo neno "sayansi" likashika mahali pa "mifumo" katika majina ya kozi nyingi.

Mzee alidhani hapo nacheza na maneno. La hasha! Programu za kompyuta hubadilika kila baada ya miaka michache, na anayelipa ada ili afundishwe kubonyeza vitufe tu amepunjwa. Sayansi ni kujua kosa la mita 50 limetoka wapi, na linapoingia katika mpaka wa shamba la mtu linazaa kesi gani. Ni kujua pia ramani imemsahau nani.

Wala si lazima kwenda mbali sana. Wapimaji na wachora ramani wa Afrika wamesoma kwa miaka mingi katika taasisi ya ITC ya Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1950, lakini Nairobi nako kuna kituo cha kanda cha ramani na picha za setilaiti tangu 1975, na hapa jijini tunacho Chuo Kikuu Ardhi. Kuanzia mwaka 2015, chini ya mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa hapa waliingia mitaani pamoja na wakazi, wakaweka katika ramani nyumba na mifereji ya maji machafu ambayo haikuwa katika karatasi ya Mjerumani wala ya Mwingereza.

Nilimwita kijana, nikamuuliza anakwenda na swali gani. Alikaa kimya kidogo, nami nikaanza kukata tamaa. Halafu akasema, "Shikamoo tena mzee, maana naona huu ni mtihani. Nataka kujua Mto Msimbazi ukifurika, maji yanamfikia nani kwanza, na ana saa ngapi za kuhama."

Baba yake akamtazama. "Na kiwanja changu?" akauliza. "Kipo ndani ya hayo maji?"

Kijana akasema hajui, hajapata data ya kutosha. Hadi leo asubuhi kiwanja kilikuwa hakijauzwa.