Kufuli na Ng'ombe



Mimi ni mhandisi, si mwanasheria. Nilipokuja Uingereza kusoma niliamini kuwa mwenye hati ndiye mwenye ardhi, basi. Kumbe kwa karne nyingi mambo hayakuwa hivyo.

Tangu sheria ya mwaka 1623, mwenye ardhi aliyenyamaza miaka 20 huku mwingine akiikalia alipoteza haki ya kuidai. Sheria ya mwaka 1874 ikapunguza muda huo kuwa miaka 12. Sababu ni rahisi kuielewa: kesi ikichelewa sana, mashahidi huwa wameshakufa.

Lakini kuikalia kunathibitishwa vipi? Mwaka 1977 Jaji Slade aliamua kesi ya Powell na McFarlane. Mdai alikuwa ameanza mwaka 1956, akiwa na miaka 14, kumlisha ng'ombe wa nyumbani kwao katika ardhi ya mtu, kukata majani na kuziba ua. Alishindwa. Jaji alitaka mambo mawili: kuishika ardhi hasa, na nia iliyo wazi ya kuwazuia watu wote, hata mwenye hati. Mtoto yule alionyesha kuwa anataka majani. Hakuonyesha kuwa anataka ardhi. Sisi watu wa pwani hatushangai: mwenye minazi si lazima awe mwenye ardhi.

Mwaka 1989 Mahakama ya Rufani ilisikiliza kesi nyingine. Baraza la Buckinghamshire lilikuwa na kipande cha ardhi lililokiweka kwa ajili ya barabara ya baadaye. Jirani akakiunganisha na bustani yake, akalifunga geti kwa mnyororo na kufuli. Huyu alishinda. Kufuli lilisema ambalo ng'ombe hakuweza kulisema.

Mwaka 2002 Baraza la Malodi liliwapa ushindi wakulima wa Berkshire walioendelea kutumia zaidi ya hekta 20 baada ya ruhusa yao ya malisho kwisha. Ruhusa ingekuwa bado hai, wasingepata kitu, kwa kuwa aliyekaribishwa hahesabiwi miaka.

Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria mpya, iliyoanza kutumika Oktoba 2003. Sasa, kwa ardhi iliyosajiliwa, aliyeikalia miaka 10 anaweza kuomba iandikwe kwa jina lake. Masijala ya Ardhi humwandikia mwenye hati. Akipinga, kwa kawaida mwombaji hushindwa. Asipojibu ndani ya siku 65 za kazi, ardhi inaweza kwenda.

Hapo ndipo penye hatari kwetu. Tunahama mji, tunarudi nyumbani miaka kadhaa, na barua inakwenda kwenye anwani ya zamani. Tena Kenya ilirithi mtindo wa Kiingereza, na huko miaka 12 ingali inahesabiwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari lipo. Tuhakikishe tu kwamba anwani iliyomo ndani yake ni yetu.