Behewa la mafuta lina kalenda yake

Anayenunua behewa dogo la mafuta la reli za mfano nchini Uingereza hukuta namba ya enzi kwenye boksi lake. Kampuni ya Bachmann imeigawa historia ya reli za nchi hiyo katika enzi zenye namba: ya tatu inaanza 1923 na kuishia 1947, ya nne inakwenda hadi 1956, ya tano hadi 1966, na nyingine zinafuata. Mpangilio huu una faida kubwa kwa anayepanga injini na mabehewa ya abiria, kwa sababu unamzuia kuunganisha vitu ambavyo havikuwahi kukutana relini. Kwa behewa la mafuta, hata hivyo, unapotosha. Mipaka ya enzi hizo imechorwa kwa kumfuata mwenye reli, na behewa la mafuta kwa kawaida halikuwa mali ya mwenye reli. Lilikuwa mali ya kampuni ya mafuta, likapakwa rangi kwa kufuata kanuni za kujikinga na moto. Anayetaka kulipatia wakati wake hana budi kufuata kalenda ya mafuta.

Tuanze na mwaka 1923, ambao mpenzi yeyote wa reli za Uingereza anaujua. Ndipo kampuni nyingi za reli zilipounganishwa zikabaki kubwa nne, na injini zikaanza kubadilishwa rangi na herufi. Behewa la petroli lenye jina la Pratts halikuguswa na mabadiliko hayo. Mwenyewe alikuwa Anglo-American Oil Company, iliyoanzishwa 1888, na kwake mwaka huo ulikuwa kama mwaka mwingine wowote. Jina hilo lilikuja kuondoka katikati ya miaka ya 1930 kuipisha Esso, katikati kabisa ya enzi ya tatu, mahali ambapo boksi halina mpaka wowote. Mwaka 1957 nao hausemi kitu. Enzi ya tano imetengwa na ya nne kwa sababu shirika la reli lilibadilisha nembo ya simba iliyobandikwa kwenye injini, na nembo hiyo haikuwa na nafasi kwenye tangi la kampuni binafsi.

Mwaka 1948 unahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa unaonekana kuwa mpaka usio na shaka. Tarehe 1 Januari mwaka huo reli zilitaifishwa, na pamoja nazo maelfu ya mabehewa ya makaa ya mawe yaliyokuwa yameandikwa majina ya migodi na wafanyabiashara. Ndiyo maana wapenzi wengi wameshika kanuni kwamba baada ya 1948 jina la kampuni binafsi ubavuni ni kosa. Kanuni hiyo ni sahihi kwa makaa, ila kwa mafuta si sahihi. Sheria ya Uchukuzi ya 1947 iliyaacha mabehewa ya kazi maalumu, yakiwamo ya matangi, mikononi mwa wenyewe. Kwa hiyo mfano wa mwaka 1955 wenye mabehewa ya makaa ya kijivu yasiyo na jina la mfanyabiashara, huku behewa la petroli lililo jirani nayo likiwa na jina la kampuni yake, umepangwa vizuri kabisa.

Kalenda ya mafuta yenyewe inaanza na hatari ya moto. Uingereza ilitenganisha vimiminika kwa kipimo cha joto ambalo mvuke wake unaweza kushika moto. Chini ya nyuzi 73 za Fahrenheit, yaani kama 23 za Selsiasi, mafuta yalihesabiwa kuwa daraja A, na petroli iko hapo. Mafuta ya taa, dizeli na mafuta mazito ya tanuri yaliingia daraja B. Mwaka 1902 kanuni za pamoja za reli ziliamuru tangi la daraja A lipakwe rangi ya krimu iliyokoza, na mkanda mpana mwekundu ulizunguke kwa ulalo, ili kila mfanyakazi wa stesheni alitambue kutoka mbali. Kufikia Vita vya Pili mkanda huo ulikuwa unaondoka, na baada ya vita daraja A lilijulikana kwa tangi la rangi ya fedha na boriti nyekundu za pembeni mwa fremu, huku daraja B likiwa jeusi. Tofauti haikuishia kwenye rangi. Kwa miongo mingi tangi la petroli halikuruhusiwa kuwa na tundu la kutolea mafuta chini. Yalivutwa kwa bomba kupitia juu. Ugeuze mfano wako uutazame tumboni. Ukikuta bomba na valvu chini ya tangi lenye mkanda mwekundu, mtengenezaji ametumia umbo la behewa la mafuta mazito akalivika nguo za petroli. Kosa la namna hii limeingia katika mifano mingi, kwa sababu umbo moja la plastiki hupakwa rangi za kampuni nyingi ili liuzike mara nyingi.

Halafu ikaja vita. Kuanzia Septemba 1939 biashara ya kusambaza mafuta iliwekwa chini ya Petroleum Board, na madereva wakauziwa petroli moja isiyo na chapa, iliyoitwa Pool. Bodi hiyo ilivunjwa katikati ya 1948, lakini petroli yenye chapa haikurudi kwenye pampu hadi Februari 1953. Miezi hiyo ni mipaka halisi ya behewa la mafuta, na hakuna hata mmoja ulioandikwa kwenye boksi. Majina pia yana mitego. Wapo wanaoondoa behewa la BP kwenye mfano wa miaka ya 1930 kwa hoja kwamba kampuni ya British Petroleum ilipata jina hilo mwaka 1954. Ni kweli kwamba kabla ya hapo iliitwa Anglo-Iranian, na kabla ya 1935 Anglo-Persian. Lakini chapa ya BP ilikuwa imekwisha kununuliwa na Anglo-Persian tangu 1917, ikiuza mafuta Uingereza. Jina la kampuni na jina la bidhaa ni historia mbili, na ubavu wa behewa hubeba la pili.

Kuna pingamizi lenye uzito. Mabehewa haya yalidumu miongo mitatu na zaidi, wala hayakupakwa rangi upya siku kanuni ilipobadilika. Basi kuyafungia miaka kamili ni kudai usahihi ambao haukuwepo. Nakubali nusu yake. Behewa lililojengwa 1927 linaweza kukaa bila kosa kwenye mfano wa 1955. Kinyume chake hakiwezekani: behewa la fedha lenye boriti nyekundu haliwezi kukaa 1925. Kwa hiyo kinachoamua ni alama iliyowekwa mwisho, na mwaka wa kujengwa hutupa mwanzo tu. Wengine hutegemea picha za zamani na kuziamini kuliko kanuni. Picha ni ushahidi mzuri, ila filamu nyingi za mwanzo wa karne ya 20 hazikuihisi rangi nyekundu, zikaitoa karibu nyeusi. Mkanda mwekundu wa daraja A huonekana mweusi humo, na asiyejua kanuni ya 1902 ataupaka mweusi. Wako pia wasemao huu ni mchezo, kila mtu aendeshe apendavyo. Aendeshe, bila shaka. Lakini aliyeandika mwaka kwenye kibao cha stesheni yake ameshatoa dai la historia, na mabehewa halisi ya aina hii yamebaki machache mno kiasi kwamba kwa watoto wengi mfano wa uwiano wa 1 kwa 76 ndio behewa la petroli la kwanza kuliona.

Faida ya kalenda hii huonekana hasa kwa mabehewa ya karibu na wakati wetu. Mnamo 1967 yalianza kuenea matangi makubwa ya bogi, yenye uzito wa tani 100 yakijaa, wakati injini za mvuke zilikuwa zimebakiza kama mwaka mmoja hivi wa kazi kwenye reli za taifa. Kuanzia 1973 mfumo wa kompyuta uitwao TOPS uliyapa mabehewa herufi tatu: TTA kwa tangi la ekseli mbili, TEA kwa la bogi, herufi ya mwisho ikionyesha breki za upepo. Shell na BP nazo zilikuwa na kampuni moja ya mauzo tangu 1932, zikatengana 1976. Chukua sasa tangi lenye nembo za Shell na BP pamoja, na herufi TTA chini yake. Boksi litasema enzi ya saba, 1971 hadi 1982. Alama zenyewe zinasema si kabla ya 1973, na kwamba lilipakwa rangi kabla kampuni hizo hazijaachana. Kilichobaki kwa mwenye mfano ni kuamua rangi hiyo ilichukua miaka mingapi kufifia.