Utafiti ni Nyenzo ya Uchumi: Funzo la Korosho ya Mtwara

Katika madarasa yetu ya siasa tumezoea kuzitaja njia kuu za uchumi: ardhi, viwanda, mabenki, reli. Utafiti hatuutaji. Hili ni kosa, kwa sababu anayemiliki ujuzi wa kuzalisha ndiye anayefaidi jasho la mwingine, hata kama shamba si lake. Historia ya Mtwara inathibitisha jambo hili.

Tuanze na ukoloni. Mwaka 1946 kampuni ya United Africa, tanzu ya Unilever, iliishawishi Serikali ya Uingereza ilime karanga Tanganyika. Ujumbe uliotumwa kuchunguza ulizunguka kwa wiki chache tu. Kazi ikaanza 1947, Nachingwea likiwa mojawapo ya maeneo yake. Mtwara ikajengewa bandari na reli. Udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimepotea. Kampuni ilitoa wazo, umma ukalipa hasara. Mtaji usiotanguliwa na utafiti ni kamari.

Baada ya Uhuru sisi wenyewe tulirudia kosa hilo. Msimu wa 1973/74 Taifa lilivuna kiasi cha tani 145,000 za korosho. Kwa mikopo, hasa ya Benki ya Dunia, tukaongeza viwanda vya kubangua hadi vikafika 12, kwa mitambo ya Kitaliano na Kijapani. Wakati huo huo wakulima wengi walihamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Bei waliyolipwa ilikuwa duni. Na ugonjwa wa ubwiriunga ukaenea. Msimu wa 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Viwanda vikakosa korosho, vikafungwa. Tulinunua mitambo kabla ya kuujua mkorosho.

Kilichousaidia mkorosho kusimama tena ni utafiti wa Kituo cha Naliendele. Watafiti walionyesha namna ya kuzuia ubwiriunga kwa salfa ya unga, wakachagua mikorosho inayozaa vizuri, wakaeneza miche ya kubebesha. Mkulima wa Ziwani anayepuliza salfa wakati wa maua anatumia matunda ya kazi hiyo. Msimu wa 2017/18 Taifa lilivuna zaidi ya tani 300,000.

Nani aligharimia? Si wanunuzi wakubwa kwa hiari yao. Mche bora ukishatoka humnufaisha hata mshindani, kwa hiyo kila mfanyabiashara humngoja mwenzake alipe. Fedha zilitoka kwa umma na wahisani, na baadaye kwenye ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje. Asilimia 65 ya ushuru huo ilirudishwa kuendeleza zao, utafiti ukiwemo. Mwaka 2018 Bunge lilibadili sheria, ushuru wote ukaingia Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipinga vikali. Wapo waliouita mgogoro huo ukanda. Kiini chake kilikuwa kingine: je, ziada itokanayo na zao irudi kuujenga ujuzi wa zao hilo?

Nje ya mipaka yetu jibu limeonekana. Makampuni ya Vietnam yaligharimia ubunifu wa mashine zao wenyewe za kubangua. Tangu 2006 nchi hiyo ikaongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, huku ikinunua korosho ghafi za Afrika, zetu zikiwemo. Sisi tukauza ghafi, na ajira ya kubangua ikaenda pamoja na gunia.

Tunahitimisha hivi. Kwanza, tusimsubiri mfanyabiashara awe na huruma; sheria imtake achangie utafiti kwa kadiri ya faida yake. Pili, fedha hizo zifike Naliendele na kwa mafundi wa mashine za kubangua, na vyama vya ushirika vielezwe hesabu yake. Tatu, kada anayekwenda kijijini ajue gharama ya salfa na umri wa mikorosho kabla ya kufungua mdomo. Kujitegemea bila ujuzi ni kauli tupu.