Halikudumu Gari, Alidumu Fundi

Wiki hii nataka tuzungumzie jambo linalosemwa sana vijiweni, hasa na sisi ambao kichwa kimeshaota mvi. Likipita gari kuukuu barabarani, tuseme Peugeot 504 au Land Rover 109, utamsikia mzee anatikisa kichwa na kusema, "Hilo ndilo gari. Haya ya siku hizi ni makopo matupu." Vijana huishia kucheka. Mimi siwezi kuwacheka wazee wenzangu, kwa kuwa nimo kundini. Lakini tuulizane jambo moja: magari yale yalidumu kwa sababu ya chuma chake tu?

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Magari yale yalikuwa imara kweli. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita katika barabara za Afrika Mashariki zenye vumbi leo na tope kesho. Peugeot 404 iliyashinda mara nne: mwaka 1963, halafu mfululizo 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na ule wa 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva kutoka hapa kwetu Tanzania. Mdogo wake, 504, alizaliwa 1968 naye akashinda Safari mwaka 1975 na 1978. Ufaransa iliacha kutengeneza saluni hiyo mwaka 1983, lakini viwanda vya Kenya na Nigeria viliendelea kuiunganisha hadi miaka ya 2000. Gari bovu haliwezi kupata heshima ya namna hiyo.

Na Land Rover je? Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, na chuma cha pua kilikuwa kinatolewa kwa mgawo. Watengenezaji wakaamua bodi iwe ya aluminiamu, tena yenye mabati yaliyonyooka, ili isihitaji mashine za gharama kubwa kuikunja. Uhaba wa Waingereza ukageuka neema kwetu, maana bati lililonyooka hata fundi mwenye nyundo na kipande cha reli analiweza. Gari hilo liliendelea kutengenezwa, na mabadiliko yake njiani, hadi Januari 2016.

Hiyo ndiyo sifa ya kiwanda. Sasa, msikilizaji, nikupeleke kwenye yadi. Sisi tuliokuwa watu wazima miaka ya 1980 tunakumbuka yadi za mashirika ya umma na za idara za serikali. Ungekuta magari yamepangwa kama makaburi, yamewekwa juu ya mawe, matairi hayapo, nyasi zimeotea ndani ya injini. Namba zake ni SU au ST. Mengine yalikuwa na miaka minne au mitano tu. Na ukisoma jina lililoandikwa mbele ya boneti, ni lile lile: Land Rover, Peugeot, Bedford. Nje ya ukuta wa yadi hiyo hiyo, barabarani, unapishana na gari la aina ile ile, lenye miaka 20, linapandisha mlima na abiria na kuku na magunia.

Chuma ni kimoja, kiwanda ni kimoja. Moja limekufa na jingine linaishi. Tofauti yake haikutoka Ufaransa wala Uingereza. Ilitoka hapa hapa.

Ili tuielewe, inabidi tukumbuke hali ya nchi ilivyokuwa. Mwishoni mwa mwaka 1973, baada ya vita vya Waarabu na Israeli, bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne katika muda wa miezi michache. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Mwaka 1978 na 1979 tukapigana na Idi Amin, na mwaka huo huo wa 1979 mafuta yakapanda tena. Mazao tuliyokuwa tukiuza nje hayakupanda bei kwa kasi hiyo. Mwalimu Nyerere alizoea kulieleza jambo hili kwa mfano wa trekta: kila miaka ikipita, ulihitaji katani nyingi zaidi kununua trekta lile lile.

Kwa hiyo fedha za kigeni zikawa adimu kuliko mvua ya kiangazi. Plagi, gasketi au ringi za pistoni zilihitaji kibali, na kibali kilihitaji dola ambayo benki haikuwa nayo. Petroli ilikuwa ya foleni, na kilikuwapo kipindi ambacho magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri bila ruhusa maalumu. Katika hali hiyo, gari la shirika likiharibika, meneja aliandika barua na kungoja spea. Angengoja mwaka mzima, na wakati anangoja, kifaa kimoja kimoja kilihama kutoka gari lililolala kwenda gari linalotembea, mpaka likabaki ganda. Lakini mwenye gari lake mwenyewe, ambalo huenda ndilo pekee atakalolimiliki maishani, hakuwa na nafasi ya kungoja. Alimwendea fundi chini ya mwembe.

Mimi nilikuwa na 404 niliyoinunua mwaka 1978 kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Mwaka 1982, nikiwa njiani kati ya Chalinze na Morogoro, jiwe liliruka likatoboa tangi la petroli. Petroli ya foleni ile, msikilizaji, inamwagika barabarani huku unaitazama! Likasimama lori, utingo akaruka chini, hakuuliza jina wala kabila. Alichukua kipande cha sabuni ya mche, akakikanda kwa vidole, akakipachika tunduni. Petroli haiyeyushi sabuni. Nilifika Morogoro na tangi langu, nikisikitikia na ile sabuni, maana nayo siku hizo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Fundi wa Morogoro alilishusha tangi, akalimimina, kisha akalijaza maji kabla ya kuweka moto. Nilipomuuliza sababu, alinijibu taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza: "Mzee, petroli ikishaisha, hewa yake inabaki. Hewa hiyo ndiyo inayoua. Maji yanaitoa." Hakuwa na cheti chochote ukutani, na hata ukuta wenyewe hakuwa nao. Jambo hilo alilipokea kwa fundi wake, aliyelipokea kwa fundi mwingine, na katikati ya minyororo hiyo pengine yupo mtu aliyelipuka ndipo wenzake wakajua.

Hivyo ndivyo magari yetu yalivyoishi. Gasketi zilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kadibodi. Bushi zilichongwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Vyuma vilivyolika vilijazwa kwa kuchomelewa na kuchongwa upya kwenye mashine. Pale Gerezani, Dar es Salaam, na kule Kirinyaga Road, Nairobi, vijana walianza kwa kupokea amri ya "lete spana kumi na nne", wakaendelea mpaka siku wanashusha injini peke yao. Sisi wenyewe tusio mafundi tulijua kusafisha pointi, kupuliza kabureta, na kusukuma gari huku tukiwaomba wapita njia watusaidie.

Wala si sisi peke yetu. Wacuba, baada ya Marekani kuwawekea vikwazo vya biashara miaka ya 1960, waliendelea kuendesha magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950, mengine yakiwa na injini zilizotoka kwenye magari ya Kirusi. Watalii hupiga picha magari hayo na kuyasifu. Ukweli ni kwamba wanapiga picha mikono ya mafundi wa Havana.

Basi mambo yakabadilika. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje, na pikapu zikaanza kuingia. Miaka ya 1990 yakafurika magari yaliyotumika Japani. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na sheria yao ya ukaguzi, unaorudiwa mara kwa mara na kwa gharama kubwa, huwafanya waachane na gari ambalo kwetu bado ni bibi harusi. Mimi nami mwaka 1995 niliiuza 404 nikachukua saluni ya Kijapani. Sitawadanganya kwamba nililia. Gari jipya liliwaka asubuhi kwa ufunguo mmoja, lina ubaridi ndani, halili mafuta. Anayetamani turudi kwenye foleni za petroli na kusukumana kila alfajiri, huyo ameshasahau.

Nilichokiona ni kitu kingine. Ile 404 ilinifanya niwe na fundi, na yeye awe na mimi. Alijua mlio wake hata nikiwa kona ya mbali. Gari la leo lina kompyuta yake, na kifaa kikiharibika hakifunguliwi, kinatupwa na kununuliwa kingine. Serikali nayo hutoza kodi ya uchakavu gari kuukuu linapoingia nchini, na jirani zetu wa Kenya hawapokei kabisa lililozidi miaka 8. Sababu zipo: moshi, ajali, mafuta. Sizipingi. Lakini yale ya kale yanapokatwakatwa na kupelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na mafundi wake wanapozikwa mmoja mmoja, ujuzi ambao haukuandikwa popote unaondoka nao.

Na ujuzi huo bado una kazi. Vijana wanaobadili magari yatumie gesi asilia, kazi ambayo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam imekuwa mstari wa mbele, wanafanya kile kile walichofanya baba zao: kulifanya gari liishi kulingana na hali ya nchi. VETA nayo siku hizi huwapima mafundi waliojifunzia gereji za mitaani na kuwapa vyeti. Hilo ni la kupongezwa. Lakini cheti humpa fundi haki yake yeye. Hakituachii sisi yale anayoyajua. Kama mtaani kwako yupo mzee aliyewahi kuziba tangi, kuchonga bushi na kufufua injini iliyokatiwa tamaa, mtume kijana wako akakae naye na daftari.

Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yametunza Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Ni vizuri watoto wetu waione. Ningependa pembeni yake liwekwe na boksi la spana la fundi mmoja wa Gerezani, na karatasi inayoeleza kila spana ilifanya kazi gani. Hapo mtoto akiuliza kwa nini magari ya babu yalidumu, atapata jibu kamili.