Hawakushindwa Uwanjani: Wanamichezo Weusi wa Kabla ya Mwaka 1900



Kamati ya jarida imeniomba niandike habari za michezo kwa ajili ya mkutano wetu wa mwaka huu, kwa kuwa nilifundisha historia kwa muda mrefu, na kabla ya hapo nililikimbilia bweni langu mbio za yadi 100. Habari za vikombe vyetu zimekwisha kuandikwa mara nyingi, na vikombe vyenyewe haviongezeki. Kwa hiyo nitasimulia habari za wanamichezo wa mbali, walioishi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, nikiamini kwamba zina funzo kwetu sote.

Ukimwuliza mwanafunzi ni mwanamichezo gani mweusi aliyekuwa wa kwanza kusifika duniani, atakutajia Jesse Owens, aliyepata medali nne za dhahabu katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Anayejua zaidi atamtaja Jack Johnson, aliyetwaa ubingwa wa ngumi wa uzito wa juu mwaka 1908. Majibu hayo yanatupotosha kidogo. Yanatufanya tudhani kwamba mtu mweusi alikaa nje ya uwanja tangu zamani, hata siku moja akakaribishwa ndani. Mambo hayakuwa hivyo. Aliingia mapema, akashinda, na baada ya kushinda ndipo akatolewa.

Wakati mlango ulipokuwa wazi

Tuanze na mbio za farasi huko Kentucky, Marekani. Tarehe 17 Mei 1875 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Kentucky Derby, ambayo hata leo ni makubwa kuliko yote ya namna hiyo nchini humo. Farasi walikuwa 15, na wapandaji 13 kati ya hao 15 walikuwa watu weusi. Mshindi alikuwa mmoja wao, Oliver Lewis, juu ya farasi aliyeitwa Aristides. Si jambo la kushangaza. Utumwa ulikuwa umekomeshwa Marekani miaka kumi tu iliyotangulia, na katika mashamba ya matajiri kazi ya kulisha, kufundisha na kupanda farasi ilikuwa imefanywa na watumwa kwa vizazi. Uhuru ulipokuja, ujuzi huo walikuwa nao wao. Katika mashindano 28 ya kwanza, 15 yalishindwa na wapandaji weusi. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Isaac Murphy, aliyeshinda mwaka 1884, 1890 na 1891. Hakutokea mwingine wa kufikia ushindi wa mara tatu hadi mwaka 1930.

Tuvuke bahari twende Uingereza. Tarehe 12 Machi 1881, timu ya kandanda ya Scotland ilishuka London katika uwanja wa Kennington Oval na kuifunga England mabao 6 kwa 1. Nahodha wa Scotland siku hiyo alikuwa beki mweusi, Andrew Watson. Alizaliwa Demerara, katika Guyana ya leo, mwaka 1856. Baba yake Mskoti mwenye mali ya mashamba ya miwa, mama yake mwanamke mweusi wa huko. Alisomeshwa katika shule za Uingereza, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Glasgow. Aliichezea Scotland mara tatu na kushinda zote tatu: 6 kwa 1, 5 kwa 1 dhidi ya Wales, na 5 kwa 1 tena dhidi ya England mwaka 1882. Mwenye kupenda kandanda ataona mwenyewe kwamba beki huyo hakuwekwa uwanjani kwa kuonewa huruma.

Miaka michache baadaye alitokea kijana wa Afrika yenyewe. Arthur Wharton alizaliwa Accra mwaka 1865, katika nchi iliyoitwa wakati huo Gold Coast, nasi tunaijua kwa jina la Ghana. Baba yake alikuwa mmisionari wa Kimethodisti kutoka Grenada, na mama yake alitoka katika ukoo wa kifalme wa huko Gold Coast. Alipelekwa Uingereza asomee kazi ya dini, lakini miguu yake ilikuwa na shauri jingine. Tarehe 3 Julai 1886, katika uwanja wa Stamford Bridge, London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili, akawa bingwa wa mashindano ya chama cha riadha cha Uingereza. Mwaka uliofuata akashinda tena. Ninyi mliozoea mita 100, kumbukeni kwamba yadi 100 ni kama mita 91 na nusu, na kwamba wakati huo hapakuwa na viatu wala viwanja kama vya leo. Mimi niliwahi kuikimbia yadi 100, na sekunde 10 niliziona kwa mbali sana.

Wharton alikuwa pia golikipa. Aliidakia Preston North End ilipofika nusu fainali ya Kombe la FA mwaka 1887, na baadaye akacheza kwa kulipwa Rotherham na Sheffield United.

Jinsi mlango ulivyofungwa

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Kwa mifano nichukue Marekani, kwa sababu huko kufungwa kwa mlango kuliandikwa.

Moses Fleetwood Walker alizaliwa Ohio mwaka 1856. Alikuwa msomi wa chuo cha Oberlin, na mdakaji katika mchezo wa besiboli, ambao Wamarekani wanaupenda kama sisi tunavyopenda kandanda. Alidaka mipira migumu kwa mikono mitupu, na mwaka 1884 alicheza na timu ya Toledo katika ligi kuu. Mrushaji wa timu yake, Tony Mullane, alikiri miaka mingi baadaye kwamba Walker alikuwa mdakaji hodari kuliko wote aliofanya nao kazi, lakini kwamba yeye Mullane hakutaka kufuata ishara za mtu mweusi, akawa anarusha apendavyo. Tafakarini hilo: mtu anadaka mipira ya mwenzake wa timu moja bila kujua inakuja vipi!

Mwaka 1883 timu ya Chicago ilifika Toledo kwa mchezo wa kirafiki. Nahodha wake, Cap Anson, alisema hawatacheza kama Walker atakuwamo. Meneja wa Toledo akamjibu kwamba wasipocheza hawatapata fungu lao la viingilio. Anson akacheza. Basi siku ile fedha ilishinda chuki. Lakini miaka minne baadaye, tarehe 14 Julai 1887, Chicago ilipofika Newark, Walker na mrushaji mweusi George Stovey hawakuchezeshwa. Siku hiyo hiyo, viongozi wa ligi waliyoichezea walikutana wakapiga kura kwamba wasiidhinishe tena mikataba mipya ya wachezaji weusi. Kura zilikuwa 6 kwa 4. Walker alimaliza kucheza mwaka 1889, na hakuna mtu mweusi aliyeonekana katika ligi kuu hadi Jackie Robinson, Aprili 1947. Karibu miaka sitini ilipotea.

Katika ngumi mambo yalikwenda vivyo hivyo. Peter Jackson, mzaliwa wa kisiwa cha St Croix na bingwa wa Australia tangu mwaka 1886, alipigana na James Corbett huko San Francisco mwezi Mei 1891 kwa raundi 61 bila mshindi kupatikana. Bingwa wa dunia, John L. Sullivan, alikataa katakata kupigana na mtu mweusi. Mwaka uliofuata Corbett alipewa nafasi ya kupambana na Sullivan huko New Orleans, akamshinda, akawa bingwa. Jackson hakupewa nafasi hiyo kamwe. Na siku moja kabla ya pambano hilo, katika ukumbi huo huo, George Dixon, bondia mweusi mzaliwa wa Canada, alimpiga Mzungu Jack Skelly vibaya sana. Klabu yenye ukumbi ikaamua kwamba haitaandaa tena mapambano ya weusi na weupe.

Mnaona mtindo wenyewe? Uamuzi ulifanywa na watu waliokaa mezani, na ulifanywa baada ya matokeo ya uwanjani kutowapendeza.

Kijana wa baiskeli

Chama cha waendesha baiskeli cha Marekani kilipiga marufuku wanachama weusi mwaka 1894. Hata hivyo kijana mmoja wa Indianapolis, Marshall Taylor, aliyejulikana kama Major Taylor, alipenya. Wenzake walimzingira njiani ili asipite. Mwaka 1897, baada ya mbio huko Massachusetts, mpinzani mmoja alimkaba koo hata akazimia. Taylor alirudi kukimbia, na mwaka 1899 huko Montreal akawa bingwa wa dunia wa mbio za maili moja. Mwaka 1901 alikwenda Ulaya akawashinda mabingwa wengi wa huko, huku akikataa kukimbia siku ya Jumapili kwa sababu ya imani yake.

Mwisho wao ulikuwa wa huzuni. Taylor alifilisika, akawa anauza mwenyewe kitabu cha maisha yake nyumba kwa nyumba, akafa mwaka 1932 katika wodi ya maskini huko Chicago. Wharton, ambaye huko Uingereza hakufungiwa na kanuni yoyote iliyoandikwa, alimaliza miaka yake akifanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe, akafa mwaka 1930 na kuzikwa katika kaburi lisilo na jina. Kaburi la Isaac Murphy nalo lilipotea kwa miaka mingi. Mwaka 1948 waendesha baiskeli wa zamani walimhamishia Taylor mahali pa heshima. Wharton alipata jiwe la kaburi mwaka 1997. Na katika Kentucky Derby, ambako weusi walikuwa 13 kati ya 15, ilifika wakati ambapo tangu mwaka 1921 hadi 2000 hakupanda hata mmoja.

Tunajifunza nini?

Kwanza, ndugu zangu, mtu akikuambia kwamba watu fulani hawaonekani mahali fulani kwa sababu hawana uwezo, mwombe akuonyeshe kumbukumbu za mikutano. Huenda uwezo ulikuwapo, na kura ikapigwa.

Pili, watu hawa tunawajua leo kwa sababu kulikuwa na maandishi: magazeti yaliyochapisha matokeo, orodha za timu, saa iliyosoma sekunde 10 na mwamuzi aliyeziandika. Waliowasahau walishindwa kufuta karatasi. Vijana mlioko shuleni, kile kitabu cha matokeo ya michezo ya mabweni kiandikeni vizuri, majina yote mawili, tarehe na muda. Nasi wazee tulio na picha za timu zetu kabatini, tuandike majina nyuma ya picha hizo tungali tunayakumbuka, kisha tuzilete siku ya mkutano. Katibu amekubali kuzipokea.