Feni ya umeme kwenye lori kuukuu

Hivi karibuni nilipata lifti ya lori kutoka Nyarugusu kwenda Katoro, mkoani Geita. Lilikuwa lori kuukuu la dizeli, limesheheni viroba vya mawe ya dhahabu yanayopelekwa kwenye makarasha. Hatukufika nusu ya njia, mshale wa joto ukalala upande mwekundu. Dereva akaegesha. Utingo akaruka chini na kitambaa mkononi afungue mfuniko wa rejeta, dereva akamkemea kwa sauti kubwa. Kijana yule tayari ana kovu la maji ya moto kutoka kiwiko hadi kiganja.

Mwenye lori alikuwa ameshauriwa na fundi aitoe feni ya mkanda, badala yake afunge feni mbili za umeme zilizotoka kwenye gari dogo la mitumba. Aliambiwa atabana dizeli na injini itapata nguvu. Je, alidanganywa?

Si moja kwa moja. Feni ya mkanda huzungushwa na injini wakati wote, ihitajike isihitajike. Alfajiri ya baridi inazunguka. Kwenye lami, ambako upepo wa mwendo peke yake unatosha, inazunguka vilevile, na nguvu hiyo inatoka kwenye mafuta unayonunua. Wafaransa wa Peugeot walilishughulikia jambo hilo zamani. Feni ya 404, gari lililotoka mwaka 1960, ilishikwa na sumaku ya umeme: maji yakiwa ya baridi inaachia, yakipata moto inashika. Wazee wetu wanalikumbuka gari hilo. Lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, likashinda 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na tena mwaka 1968.

Baadaye viwanda vikaanza kulaza injini kwa ubavu ili kubana nafasi, kama ilivyokuwa kwa Volkswagen Golf ya mwaka 1974. Ncha ya injini haikuelekea tena kwenye rejeta, mkanda ukakosa njia, na feni ikapewa mota yake. Basi feni ya umeme ilienea kwa sababu ya gari dogo, lenye mzigo mwepesi na upepo mwingi usoni.

Lori la kwetu lina historia nyingine. Reli kutoka Tabora ilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, lakini kila kilichokuwa mbali na reli kilibaki mzigo wa lori. Lilibeba pamba ya vijijini hadi kwenye vinu vya kuchambulia. Lilihudumia mgodi wa zamani wa Geita hadi ulipofungwa mwaka 1966, na leo linasomba mawe ya wachimbaji wadogo. Kazi hiyo ni gia ya pili, shehena kamili, na udongo wa mbuga unaonasa magurudumu. Kwa mwendo huo hakuna upepo wa barabarani. Upepo ni feni.

Tufanye hesabu. Karibu theluthi moja ya joto la dizeli huishia kwenye maji ya rejeta. Feni ya lori kubwa ikienda kasi huweza kula nguvu za farasi kumi au zaidi, na farasi mmoja ni wati 746. Altaneta ya volti 24 na ampea 55 ikitoa yote iliyo nayo ni wati 1,320. Hazifiki farasi wawili, na hapo taa na betri bado vinasubiri zamu. Feni moja ya gari dogo mara nyingi ni wati mia mbili au tatu tu.

Kuna balaa jingine. Feni za magari madogo ni za volti 12. Ili zikubali umeme wa lori wa volti 24, fundi huziunga mbili kwa mfululizo, waya mmoja ukipita kwa zote. Mota moja ikiungua, ya pili nayo inasimama. Ndicho kilichotupata njiani.

Tena nyanda hizi ziko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Maji yaliyo wazi hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta wenye springi imara ndio unaoyazuia kuchemka mapema, na mfuniko uliolegea utakusumbua hata feni iwe mpya.

Waliounda malori walijua hesabu hiyo. Wengi walibaki na feni ya injini, wakaitia klachi ya mafuta mazito ya silikoni inayoshika kadiri hewa ya rejeta inavyopata moto. Mwenye lori anayetaka kubana dizeli aitafute hiyo, na kava la kuzunguka feni lisitupwe.

Feni ya umeme naichagulia pikapu. Ikae nyuma ya rejeta ivute hewa, iwe na rilei na fyuzi yake, na waya zisigeuzwe, maana ikizunguka kinyume itapigana na upepo.

Tulisubiri saa nzima maji yapoe. Feni ya zamani, kwa bahati, ilikuwa bado imelala nyumbani kwa mwenye lori, chini ya kitanda. Jioni ile akamtuma mtoto akaitoe.